Mkono Niliousingizia

Bwana asifiwe, wapendwa. Na ambao hamjaitikia, nawasalimu pia. Mimi ni Ester, wengi hapa mnaniita Ester wa dagaa, nauza pale sokoni Mwigobero. Nimeomba dakika kumi, mchungaji amenipa tano, nikizidisha mnisamehe, maana maneno haya nimeyabeba muda mrefu na usiku wa kuamkia leo sijalala kwa kuyapanga.

Ndugu zangu, mimi si mgeni wa sehemu hii niliposimama. Mwaka jana nilisimama hapahapa, na kitenge changu cha bluu, nikashuhudia kwamba Bwana amenifungua kutoka kwa mchawi aliyekuwa ananikaba usingizini. Mlipiga vigelegele. Kuna mama alikuja akanifunga khanga yake kiunoni kwa furaha. Na yule mchawi nilimtaja kwa jina. Leo nimekuja kuufuta ushuhuda ule, kwa mdomo uleule, mbele ya watu walewale. Kama kuna mtu alikuwepo siku ile na leo hayupo, naomba mumfikishie.

Nianze mwanzo. Nimezaliwa Guta, Bunda, kwa wakulima wa pamba. Nilipofika miaka kumi na tisa nilikuwa nimeshazalia nyumbani, mtoto wa kike, na baba yangu alikuwa haniangalii usoni. Akaja mama mmoja mjane kutoka vijiji vya Butiama, anaitwa Wankuru. Yeye alizaa wanne na wote wanne aliwazika. Sasa ninyi wenyeji mnajua, ila naona wageni, kwa hiyo naeleza. Kwetu mjane asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa binti. Siyo kwa mambo ya kitandani, hapana. Ni ili yule binti azae, watoto waitwe kwa jina la ile nyumba, boma lisife. Tunaiita nyumba ntobhu. Mimi niliolewa hivyo. Ndoa hiyo ina maneno yake kanisani na leo sikuja kuyajadili, mchungaji anajua.

Ninachotaka mjue ni hiki. Miaka tisa nilikaa na yule mama, hakunipiga, hakunitukana, hata siku nilizostahili. Nilimwita Mama. Nilipojifungua mtoto wa pili, yeye ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto siku arobaini, na alikuwa hali mpaka mimi nimekula. Ng'ombe wake walipokufa na ukame tukahamia Musoma, tukapanga vyumba viwili karibu na ziwa. Yeye na watoto chumba kimoja, mimi kingine, ukuta wa katikati haujafika juu. Yeye akawa anakausha samaki kwa moshi pale uani, mimi nikaingia kwenye dagaa.

Kazi ya dagaa ina kalenda yake. Wavuvi wanawavuta dagaa kwa taa, na taa haifui dafu mbele ya mbalamwezi. Kwa hiyo mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi inalala, na sisi akina mama tunalala. Giza likiingia, mitumbwi inatoka kila usiku, na sisi saa nane za usiku tuko njiani kwenda mwaloni, mitumbwi inapotua, maana ukichelewa unakuta makapi. Mchana unaanika, unageuza, unafukuza kuku, unafukuza korongo, unaangalia mawingu. Ukijiibia masaa matatu ya usingizi kwa siku umeshukuru. Nilikuwaga najisifu kwa hilo, nasema mimi ni jeshi.

Ndipo nikaanza kukabwa. Mara ya kwanza nilikuwa nimelala chali. Nikaamka, macho yamefunguka, naona bati, naona chandarua, lakini mwili si wangu. Kifuani pamekaliwa na kitu kizito kama gunia la dagaa wabichi. Nataka kusema Yesu, ulimi umekufa mdomoni. Namsikia jogoo wa jirani, nasikia mtoto wangu anakohoa chumba cha pili, na siwezi kuinua kidole. Kisha pazia la mlangoni likasogea. Mtu akaingia, akasimama juu yangu, akaniwekea mkono begani, akanisukuma. Hapohapo nikaachiwa. Niliruka nikipiga kelele, na aliyekuwa mbele yangu alikuwa Mama Wankuru.

Akaniambia, "Umelala vibaya, mwanangu. Lala ubavu." Akarudi kwake.

Kikaja tena kesho yake. Kikaja wiki nzima. Walioonja jambo hili hapa ndani wananielewa, nawaona mnatikisa vichwa. Unaogopa kitanda kuliko unavyoogopa mamba. Na kila mtu Mwigobero ana dawa yake. Mmoja akasema weka Biblia chini ya mto, nikaweka, shingo ikauma. Mwingine akasema mwaga chumvi mlangoni. Mwingine akasema wembe chini ya godoro, na wembe huo ukanikata mimi mwenyewe nikitandika. Nililala taa imewaka, nikajipaka mafuta ya maombi mpaka shuka zikabadilika rangi. Hapa kanisani mkanipangia mkesha, Jumanne na Ijumaa, na mfungo juu yake. Mlinipenda, wala silalamiki. Lakini nilikuwa nikitoka mkesha naunganisha na mwaloni, nikirudi nikijinyoosha tu, kinakuja mara mbili zaidi ya jana.

Dada mmoja wa kikundi cha maombi, simtaji, naye ananitakia mema hadi leo, akaniuliza: ukifungua macho unamwona nani? Ndugu zangu, swali hilo ndilo lililoniponza. Kwa sababu kila nilipofungua macho nilimwona mtu mmoja, na mkono wake uko begani kwangu.

Basi nikaanza kujumlisha. Macho yake mekundu. Watoto wake wote amewazika. Usiku halali, nasikia anatembea, nasikia anakohoa saa ambazo wazee wa umri wake wanakoroma. Ng'ombe alitoa, kwa hiyo labda anaona na pumzi yangu ni mali yake. Na tena ninakabwa kwenye giza tu, mbalamwezi ikitoka napona, na nani asiyejua kwamba wachawi wanatembea gizani? Kila kitu kikakaa mahali pake. Macho mekundu, jamani! Mtu anapuliza moto wa kuni mbichi kutwa nzima, mlitaka awe na macho ya rangi gani? Lakini hilo sikuliwaza. Mwenye hofu hasikii akili yake mwenyewe.

Ndipo nikaja hapa mbele, nikashuhudia. Nilimtaja Wankuru, nikataja na nyumba tunayokaa. Nilipokuwa nasema nilijisikia mwepesi, kweli, siwadanganyi. Nilirudi kwenye benchi nikipiga makofi.

Hiyo ilikuwa Jumapili. Jumatatu jioni bati letu likaanza kupigwa mawe. Jumanne alikwenda bombani, watu wakamwaga maji aliyokuwa ameshakinga, wakaosha bomba ndipo na wao wakinge. Sikuwatuma mrushe mawe. Hilo nalisema, na palepale nasema halinisafishi. Mwenye nyumba akaja akasema bibi atoke, au tutoke wote. Mimi ndiye niliyemfungia mfuko wake. Nguo tatu, sufuria moja, na blanketi ambalo nilifikiria kumnyima.

Asubuhi ya kuondoka alisimama mlangoni, akanyoosha mkono kuniaga. Nikauficha wangu nyuma. Akautazama mkono wake, akaurudisha. Akasema, "Ukilala, lala ubavu." Nikamkemea kwa jina la Yesu, tena kwa sauti, majirani wasikie. Watoto wangu walikuwa wanaangalia. Yule mama akaondoka bila kugeuka, akarudi Butiama kwenye nyumba yake ya zamani ambayo nilijua bati zake zimetoboka.

Na baada ya hapo, wapendwa, nililala. Siku kumi na kitu nililala kama mtoto. Mkaniona hapa nimenenepa, mkasema Bwana ni mwema. Hakuna aliyekumbuka kwamba mwezi ulikuwa mkubwa na mitumbwi imelala, hata mimi mwenyewe niliyekuwa nalia kwamba hakuna biashara.

Giza likarudi. Siku ya nne ya giza nilikuwa nimeamka saa nane usiku, nimeanika, nimegeuza, na jua ni kali. Ilipofika saa nane mchana nikasema nijinyooshe dakika mbili kwenye mkeka, mlango wazi, niwaone dagaa wangu. Nikalala chali. Kikaja. Mchana kweupe, watu wanapita, redio ya jirani inatangaza mpira. Macho yangu yako wazi, nawaona kuku wamepanda chanja wanakula mtaji wangu, na siwezi hata kusema shii. Kifua kinakandamizwa. Nikasema moyoni, mchawi nimeshamfukuza, sasa huyu ni nani?

Ikaendelea. Haikuwahi kuwa ndefu namna ile. Na hapa ndipo ninapowaomba mnisikilize kuliko pengine pote. Katikati ya shida ile nikagundua ninasubiri kitu. Nilikuwa natazama mlango, namsubiri mtu aingie aniguse bega. Nilikuwa nausubiri ule mkono! Mwili wangu ulijua kitu ambacho mimi mwenyewe nilikuwa sikijui. Mle ndani siku zote kulikuwa na wawili, kinachokandamiza na anayegusa, na mimi niliwafanya kuwa mmoja. Kinachokandamiza kilikuwa kimebaki na mimi. Aliyekuwa anagusa nilimfungia mfuko.

Aliyeniokoa siku ile ni jirani yangu Mama Hadija. Wengi mnamjua, Mwislamu, anauza sangara wa kukaanga. Alikuja kufukuza kuku, akanisikia naguna, akaingia, akaniweka mkono begani, akanigeuza ubavu. Nikaachiwa palepale. Nikafungua macho, naona Mama Hadija amesimama juu yangu na mwiko mkononi. Kwa hesabu yangu ya zamani, na yeye alikuwa mchawi.

Akaniambia, "Si mlisema mnamfukuza mchawi nyie? Haya, sasa nani atakuwa anakugeuza?"

Nikamwuliza alijuaje kunigusa vile. Akasema amejifunza kwa Mama Wankuru, kwamba ukuta wetu ni mwembamba na alikuwa anasikia kila kitu. "Ulikuwaga unaguna kama ng'ombe aliyekwama kwenye tope. Bibi anaacha moto wake anakimbia. Usiku alikuwa halali, anakaa anakusikiliza wewe. Nilimwuliza, akasema mamake mzazi alikuwaga hivyohivyo kila msimu wa palizi, dawa ni kumgusa tu na kumlaza ubavu." Nikasema, mbona hukuniambia? Akasema, "Nilikuambia. Ukasema nisiingilie mambo ya Roho."

Ni kweli. Nilikumbuka, na nikakaa pale kwenye mkeka, dagaa wanaliwa.

Nilikwenda zahanati kwanza, maana nilitaka mtu mwingine aseme Mama Hadija amekosea, niendelee kuwa na haki. Daktari alikuwa kijana, akaniuliza nalala masaa mangapi. Nilipomwambia alicheka, akaomba radhi. Akasema hali hiyo inajulikana, akili inaamka kabla ya mwili, na inawapata sana wasiolala na wanaolala chali. Ndipo nikaliona giza langu lilivyokuwa. Kwenye giza nakabwa kwa sababu kwenye giza silali. Kwenye mbalamwezi napona kwa sababu nalala. Nimefanya kazi ya dagaa miaka na sikuweza kusoma kalenda yangu mwenyewe.

Nikapanda gari kwenda Butiama. Njiani nilikuwa na hofu moja tu, kwamba nitamkuta amekufa. Nadhani mnajua ninachosema. Kwetu bibi kizee akishapewa jina lile, si lazima afe kwa ugonjwa. Na habari ilikuwa imemtangulia, mtu wa humu ndani alipiga simu kijijini. Shangazi wa mtu, mjomba wa mtu, kijiji kizima kilikuwa kimeshajua kabla hajashuka na mfuko wake.

Nilimkuta hai. Alikuwa amehamia jikoni kwa sababu nyumba inavuja. Amekonda, macho ni yaleyale. Jembe alikuwa ameliegemeza nyuma ya mlango, na mkeka wake haukuwa umetandikwa, umekunjwa ukutani. Alikuwa analala amekaa, mgongo kwenye ukuta, ili wakija awasikie. Mwezi mzima, ndugu zangu. Mimi nililia kwamba kuna kitu kimenikalia kifuani usiku kucha. Yeye nilimkalia mimi.

Nilipiga magoti pale mlangoni. Yeye ndiye aliyeanza. Akaniuliza, "Unalala?"

Nikasema, "Silali, Mama."

Akasema, "Na mimi silali." Akasogea kidogo pale chini, nipate pa kukaa.

Hakuniambia amenisamehe. Alipika ugali, tukala na mlenda, akauliza habari za wajukuu, akauliza kama bei ya dagaa imeshuka. Usiku alitandika mkeka kwa mara ya kwanza, tukalala wawili, mlango tumeuegemezea jembe. Mimi kwa uchovu wa safari nikasahau, nikalala chali. Kikaja. Na usiku ule, wapendwa, kwa mara ya kwanza sikukemea wala sikuogopa. Nilisubiri tu. Nikasikia anajigeuza, akanigusa bega, nikaachiwa, nikalala hadi jua likatoka. Huko ndiko kufunguliwa kwangu, kama mlikuwa mnakungojea. Hakukuja na radi. Bwana alikuwa amenitumia msaada wangu miaka yote, mimi nikamwekea chumvi mlangoni.

Msinielewe vibaya. Sijasema duniani hakuna uchawi, hilo silijui, na nisilolijua nimekoma kulishuhudia. Nimeacha mkesha wa Jumanne, mchungaji ameniruhusu. Nalala ubavu. Giza likiwa kali nagawana zamu ya mwaloni na mwenzangu. Kinakuja bado, si mara nyingi, na kikija naomba kimoyomoyo na kusubiri kipite. Lakini amani yote sina. Tangu utoto tulifundishwa usimshuhudie jirani yako uongo, na mimi nilidhani uongo ni kusema usichokiona. Nilikuwa nimeona! Kila nilichokisema hapa nilikiona kwa macho yangu, na ulikuwa uongo. Hilo linaniamsha kuliko jinamizi.

Mama Wankuru nimemrudisha Musoma. Mwenye nyumba wa zamani alitukataa, tumepata chumba kwingine, tunalala sote humo. Lakini jina halikubaki kwenye ile nyumba, limetufuata. Bombani bado wanaosha bomba. Juzi Alhamisi jiwe limetua tena batini, na mtoto wangu mdogo akaniuliza kama Bibi atauawa. Nilikwenda kwa mchungaji nikamweleza yote, na jana akanitumia ujumbe: njoo useme. Namshukuru, maana najua na yeye aliitikia amina siku ile.

Namshukuru Mungu aliyenizuia nisiwe muuaji, maana nilibakiza kidogo. Namshukuru Mama Hadija na mwiko wake. Na wewe unayekabwa, uliyekaa hapo na bado hujamwambia mtu, nakuomba mwamini Bwana, lakini lala pia. Yeye halali wala hasinzii, kwa hiyo wewe unaweza. Na kabla hujamtaja mtu, jiulize huyo unayemwona ukifungua macho alikuja kufanya nini.

Namalizia. Mama Wankuru yuko nje. Amekaa pale kwenye matofali ya ujenzi tangu ibada ianze. Nilimwomba aingie, akakataa, akasema sauti anazozisikia zikiimba humu anazifahamu, alizisikia usiku mawe yakipiga bati. Sijui kama ni kweli, ninyi mnajijua. Mimi sitaki vigelegele leo. Siku ile mlinipa vingi. Nataka kila aliyeitikia amina mwaka jana atoke akampe mkono. Ni mkono wa kawaida, una harufu ya moshi, haukabi mtu. Watoto wenu wawaone mkimshika, na wapita njia wawaone, ili leo usiku yule mama alale amejinyoosha.

Mimi siku ile niliuficha wangu nyuma, kwa hiyo natangulia. Anayemwamini Yesu anifuate. Mlango nauacha wazi.